Baipola: kipindi kinahesabiwaje, na mtu akianza kupanda tufanye nini?

Mshauri Mchanga

Habari zenu wakuu. Swali langu ni kwa mnaohudumia wenye magonjwa ya akili, hasa baipola.

Neno hili limekuwa la mitaani. Mtu akicheka asubuhi na kununa jioni anaambiwa ana baipola. Huku mwingine amemaliza siku ya tano bila kulala, anaongea bila kumeza mate, na walio karibu naye wanasema amechangamka tu. Katika ushauri nasaha nahitaji kujua mpaka uko wapi.

Kwanza, mania (kupanda kupita kiasi), haipomania (kupanda kwa kiwango cha chini yake) na sonona (kushuka kwenye huzuni nzito) zinahesabiwa kwa siku ngapi na kwa dalili zipi? Pili, aina ya 1 na aina ya 2 zinaachana wapi hasa? Tatu, ni dalili gani ya mapema ambayo ndugu wa mgonjwa anaweza kuishika kabla mambo hayajaharibika? Nne, nasikia dawa za sonona zinaweza kumdhuru mwenye baipola. Inakuwaje?

Naomba maelezo yenyewe hapa hapa, tafadhali msinitume kwingine. Asanteni.

Kalamu ya Kliniki

Karibu, ndugu. Huyo wa kucheka asubuhi na kununa jioni tumalizane naye kwanza, kwa sababu yeye ndiye anayepoteza watu njia. Hisia zake zinafuata mambo yanayomtokea: kakerwa, kakasirika, kafurahishwa, kafurahi. Kipindi cha baipola hakifuati mambo. Kinaingia na kukaa, sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, habari njema ije au isije. Na kinamtoa mtu kwenye hali yake ya siku zote kiasi kwamba wanaomjua wanaona. Kwa hiyo usimlinganishe na wewe wala na jirani, mlinganishe na yeye mwenyewe wa miezi sita iliyopita. Mcheshi wa kuzaliwa hana ugonjwa. Mkimya aliyegeuka msemaji wa saa nane za usiku ndiye wa kuulizwa maswali.

Hesabu sasa. Natumia mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, toleo la 5 la mwaka 2013, ambao kliniki nyingi huufuata.

Mania inahitaji angalau siku 7 mfululizo, au muda wowote ule ikiwa hali imelazimu mtu alazwe. Lazima vitu viwili viwepo pamoja: hisia zimepanda kupita kiasi au zimekuwa za hasira ya haraka, na nguvu au shughuli zimeongezeka. Hili la pili husahaulika, na furaha bila ongezeko la nguvu haitoshi. Juu ya hapo ziwepo angalau dalili 3 kati ya 7 hizi: kujiona mkubwa au mwenye uwezo usio wa kawaida, kuhitaji usingizi kidogo, kuongea sana, kama anayesukumwa kutoka ndani, mawazo kukimbizana, kuvutwa na kila kinachopita mbele yake, kuongeza shughuli au kuhangaika mwili, na kujitosa kwenye mambo ya hatari kama matumizi makubwa ya fedha, ngono isiyo na tahadhari au biashara za kukurupuka. Kama hisia iliyopo ni hasira tu bila furaha, zinatakiwa dalili 4. Na hali iwe imevuruga kazi, masomo au mahusiano, au mtu amelazwa, au kuna saikosi, yaani kupoteza mguso na uhalisia.

Haipomania ina dalili zile zile, kwa angalau siku 4 mfululizo. Watu wanaona mabadiliko, lakini maisha hayajavurugika kwa kiwango kikubwa, hajalazwa na hana saikosi. Akianza kusikia sauti zisizokuwepo, au kushikilia imani kwamba ameteuliwa kuuokoa ulimwengu, hiyo ni mania tayari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ulioanza kutumika mwaka 2022, hausemi siku 4 bali siku kadhaa. Basi usimfukuze mtu kwa sababu ana siku tatu na nusu.

Sonona ni angalau wiki 2, dalili 5 kati ya 9, na mojawapo lazima iwe huzuni au kupoteza hamu ya mambo yaliyokuwa yakimfurahisha. Nyingine ni hamu ya chakula au uzito kubadilika, usingizi kuharibika, mwili kuwa mzito au kuhangaika kwa namna inayoonekana na wengine, uchovu, kujiona hana thamani au kujilaumu kupita kiasi, kushindwa kukazia mawazo au kuamua, na mawazo ya kifo. Sonona ya baipola mara nyingi huja na kulala sana na mwili kuwa mzito kama gunia la mchanga, ingawa hiyo peke yake si kipimo.

Aina ya 1: mania moja inatosha, hata kama mtu hajawahi kupata sonona. Aina ya 2: angalau haipomania moja na angalau sonona kamili moja, na mania haijawahi kutokea. Ikitokea hata mara moja, jina linabadilika kuwa aina ya 1 na halirudi nyuma. Kuna pia saiklothimia, kupanda na kushuka kusikofikia vipimo hivi kwa miaka 2 au zaidi (mwaka 1 kwa watoto na vijana). "Kuzunguka haraka" maana yake ni vipindi 4 au zaidi ndani ya miezi 12. Anayesema anazunguka mara nne kwa siku anaelezea kitu kingine, na kinastahili kuchunguzwa kwa jina lake.

Wengi hudhani aina ya 2 ni baipola nyepesi. Napinga kabisa. Kuna utafiti wa Marekani uliofuatilia wagonjwa kwa wastani wa miaka karibu 13, wiki kwa wiki. Wenye aina ya 1 walikuwa na dalili za sonona katika takriban 32% ya wiki zote, na za mania au haipomania katika takriban 9%. Wenye aina ya 2 walikuwa kwenye sonona takriban nusu ya wiki zote, na kwenye haipomania karibu 1% tu. Nusu ya wiki, kwa miaka 13. Hakuna wepesi hapo.

Na takwimu hizo ndizo zinazoeleza kwa nini ugonjwa hukosewa jina. Mtu haji kwako akiwa juu, anakuja akiwa chini, na akiwa chini haipomania anaikumbuka kama "kile kipindi nilichokuwa mzima". Kwa hiyo kila anayekuja na sonona aulizwe, taratibu, kwa maneno kama haya: "Je, umewahi kupitia siku nne au zaidi mfululizo ukilala saa tatu au nne tu, na asubuhi huna uchovu, una mipango mingi na unaongea kuliko kawaida yako, mpaka watu wakakuuliza una nini?" Kisha, kwa ruhusa yake, muulize mtu anayeishi naye swali hilo hilo. Majibu ya wawili hawa hutofautiana mara nyingi mno.

Kabla ya kuandika baipola, daktari aondoe vinavyoiga. Tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi huiga mania, na iliyolegea huiga sonona. Prednisoloni na dawa za jamii yake, amfetamini na kokeini zinaweza kumpandisha mtu. Mania inayokuja kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50 itafutiwe chanzo cha mwili kwanza.

Daftari la Usingizi

Mkuu hapo juu amemaliza hesabu. Nichukue swali la tatu, la dalili ya mapema.

Jibu ni usingizi. Ila usichanganye mambo mawili. Mwenye kukosa usingizi wa kawaida analala saa 3, anaamka amechoka, macho mazito, anatamani kitanda. Anayeelekea mania analala saa 3, anaamka na nguvu na kitanda hakitaki. Usiulize tu "umelala saa ngapi?" Uliza na "umeamkaje?"

Na usingizi unafanya kazi pande zote mbili: mania inaupunguza, na kuupunguza kunaweza kuileta mania. Ndiyo maana zamu za usiku, safari za kuvuka majira ya saa, kukesha kwa mitihani au msiba, na wiki za mwanzo baada ya kujifungua ni nyakati za hatari. Mafanikio pia yamo: cheo kipya, harusi, mradi uliokubaliwa. Ndugu huwa hawalitarajii hili, wanamwangalia mgonjwa kwenye misiba tu.

Chukua daftari la kawaida, mstari mmoja kwa siku, ujazwe saa ile ile kila jioni. Safu zisizidi sita, maana daftari lenye safu kumi na tano hufa ndani ya wiki moja. Ziwe: saa za usingizi wa jana, hisia kuanzia -3 hadi +3 (0 ni kawaida yake yeye), hasira 0 hadi 3, dawa zimemezwa au la, tukio la siku, na kwa wanawake siku za hedhi. Mfano wa wiki moja:

Jumatatu: usingizi 7, hisia 0, hasira 0, dawa ndiyo.
Jumanne: usingizi 6, hisia 0, hasira 0, dawa ndiyo. Kazi hadi usiku.
Jumatano: usingizi 5, hisia 0, hasira 0, dawa ndiyo. Kapanga kabati lote upya saa 10 alfajiri.
Alhamisi: usingizi 4, hisia +1, hasira 1, dawa ndiyo. Simu kwa watu 11.
Ijumaa: usingizi 3, hisia +2, hasira 2, dawa hapana, "sizihitaji".

Tazama Jumatano. Hisia bado ni 0, mwenyewe angeapa kwamba yuko sawa, lakini usingizi umeshuka kwa saa 2 na kabati limepangwa alfajiri. Hapo ndipo pa kushika. Ijumaa mtu ameshaacha kuona kuwa anaumwa, na dawa imeachwa kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Ukisubiri Ijumaa, umesubiri mpaka yule ambaye ungekubaliana naye ameondoka mezani.

Kanuni ninayowapa familia: usiku 2 mfululizo wenye upungufu wa saa 2 au zaidi, bila uchovu, ni simu kwa daktari siku hiyo hiyo. Wakati wa kusubiri: hakuna kahawa wala vinywaji vya kuongeza nguvu, hakuna pombe, wageni wapungue, skrini zizimwe mapema, chumba kiwe giza kweli, na uamuzi wowote mkubwa usubiri siku 2. Giza lina uzito wake. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa Norwei ambapo wagonjwa wa mania waliolazwa walivaa miwani ya rangi ya machungwa inayozuia mwanga wa buluu, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 asubuhi, kwa siku 7, juu ya dawa zao za kawaida. Mania yao ilipungua haraka kuliko waliovaa miwani ya kioo cheupe. Ulikuwa utafiti mdogo na miwani si mbadala wa dawa, lakini kuzima taa hakuhitaji kibali cha mtu.

Kila mgonjwa ana sahihi yake. Mmoja huanza kwa kuvaa rangi kali, mwingine kutuma ujumbe mrefu usiku wa manane, mwingine kusali kwa saa nyingi zisizo kawaida yake. Wakati mtu ametulia, kaeni mwandike ishara zake tatu za kupanda na tatu za kushuka, kwa maneno yake mwenyewe. Karatasi hiyo ina thamani kuliko orodha yoyote ya kitabuni.

Zamu ya Usiku

Naongeza jambo moja ambalo halijaguswa, na ni la hatari. Msidhani mania na sonona huja kwa foleni. Huweza kuja pamoja: mtu yuko kwenye mania lakini ana dalili 3 au zaidi za sonona, au kinyume chake. Hali hii ya mchanganyiko ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Mwenye sonona nzito anaweza kutamani kufa asiwe na nguvu ya kunyanyuka. Mwenye mchanganyiko ana ile kukata tamaa pamoja na nguvu, haraka na usingizi uliopotea. Utamwona analia huku anatembea huku na huku, anaongea kwa kasi, kila wazo jeusi.

Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakupandi wazo, kunamfungulia mlango wa kusema. Akijibu ndiyo, uliza kama ana mpango na kama ana kitu cha kutumia. Asiachwe peke yake, dawa zote za nyumbani (zikiwemo zake), sumu za wadudu na vitu vya hatari viondolewe, na apelekwe hospitali siku hiyo, si miadi ya wiki ijayo. Kipindi cha wiki za kwanza baada ya kutoka wodini nacho kinahitaji uangalizi wa karibu sana.

Mshauri Mchanga

Nashukuru mno. Swali la "umeamkaje" peke yake limenifumbua macho. Bado swali la nne la dawa. Na lithiamu, ile dawa ya kudhibiti hisia, je? Wengine wanaiogopa kama sumu, wengine wanaimeza bila kupima damu hata mara moja kwa mwaka.

Dozi na Kipimo

Wote wawili wamekosea, dada au kaka, na wa pili amekosea zaidi.

Dawa za sonona kwanza. Tatizo ni kuzitoa peke yake. Kwa mwenye aina ya 1, dawa ya sonona bila dawa ya kudhibiti hisia inaweza kumrusha kutoka chini hadi kwenye mania au mchanganyiko, na kwa wengine hufanya vipindi vifuatane kwa karibu zaidi. Ikitumika, iwe juu ya kidhibiti hisia, na isitishwe mtu akianza kupanda. Zenye uthibitisho mzuri kwa sonona ya baipola ni kwetiapini (dozi ya kawaida hufika miligramu 300 usiku), olanzapini ikiunganishwa na fluoksetini (dawa ya sonona), lurasidoni na lamotrijini. Ukikutana na mtu aliyepewa fluoksetini wiki tatu zilizopita na sasa hana usingizi na ana mipango ishirini, usimpongeze kwa kupona. Mrudishe kwa aliyemwandikia.

Lithiamu. Daktari John Cade wa Australia aliandika kuhusu nguvu yake dhidi ya mania mwaka 1949, na mpaka leo hakuna iliyoizidi kwa kuzuia vipindi kurudi. Pia ina ushahidi wa kupunguza vifo vya kujiua. Ugumu wake ni kwamba kiwango kinachotibu na kile kinachodhuru viko jirani. Kwa kuzuia, kiwango katika damu huwa 0.6 hadi 0.8 milimoli kwa lita. Kwa mania iliyopamba moto hupandishwa hadi 0.8 au 1.0. Kuvuka 1.5 ni eneo la sumu, na wazee wanaweza kuumia hata chini ya hapo.

Kipimo kina masharti, na hapa ndipo majibu mengi huharibika. Damu itolewe saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Anayemeza saa 3 usiku atolewe damu saa 3 asubuhi, na kama ana dozi ya asubuhi, aibebe mfukoni aimeze baada ya sindano. Akiimeza kabla, jibu litasoma juu na daktari atapunguza dawa bila sababu. Mgonjwa anarudi kwenye mania na lithiamu inalaumiwa. Kipimo cha kwanza ni siku 5 hadi 7 baada ya kuanza, na vivyo hivyo kila dozi inapobadilishwa. Kiwango kikitulia, kila miezi 3 kwa mwaka wa kwanza. Figo, thairoidi na kalsiamu zipimwe kabla ya kuanza, kisha kila miezi 6.

Kwa nini chumvi na maji vinatajwa sana? Figo huishughulikia lithiamu kama ndugu wa sodiamu, madini yaliyo kwenye chumvi. Mwili ukipungukiwa maji au chumvi, figo hushikilia sodiamu isipotee, na lithiamu hubaki pamoja nayo. Kwa hiyo kuhara, kutapika, homa ya jasho jingi au kukata chumvi ghafla hupandisha kiwango bila mtu kuongeza hata kidonge kimoja. Ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zao, dawa za kukojoza za jamii ya thiazidi, na dawa za presha kama enalaprili, lisinoprili na losartani hufanya vivyo hivyo. Maumivu ya kichwa kwa mtumiaji wa lithiamu yatibiwe kwa parasetamoli. Anayekwenda kununua dawa yoyote aseme kwanza: "Natumia lithiamu."

Mtetemo mdogo wa vidole, kiu na kukojoa mara kwa mara ni madhara ya kawaida, ya kumweleza daktari kwenye miadi. Mtetemo mkubwa wa mikono, kutapika, kuhara, kuyumba kama mlevi, ulimi mzito, kuchanganyikiwa: hiyo ni sumu. Asimeze dozi nyingine, aende hospitali saa hiyo hiyo na damu ipimwe.

Lithiamu huchukua wiki moja hadi tatu kushika mania. Ndiyo sababu mwanzoni huwekwa olanzapini, risperidoni, haloperidoli au kwetiapini, ambazo huanza kazi mapema. Olanzapini huongeza uzito na sukari kuliko nyingi, hivyo pima uzito, kiuno, sukari na mafuta ya damu tangu siku ya kwanza, siyo baada ya suruali kukataa.

Valproeti, kidhibiti hisia kingine, ni nzuri kwa mania, lakini haifai kwa mwanamke anayeweza kupata mimba ila kama hakuna njia nyingine na ana uzazi wa mpango wa uhakika. Takriban mtoto 1 kati ya 10 waliokuwa tumboni dawa ikitumika huzaliwa na kasoro za mwili, na watoto 3 hadi 4 kati ya 10 huwa na matatizo ya ukuaji wa akili. Mwanamke aambiwe hili kabla ya kidonge cha kwanza. Akikuta ameshika mimba akiwa nayo, asiiache ghafla kwa uamuzi wake. Amwone daktari mara moja.

Lamotrijini huzuia sonona kuliko inavyozuia mania, na mwendo wake ni wa kinyonga: miligramu 25 kwa siku kwa wiki 2, kisha 50 kwa wiki 2, kisha 100, halafu kwa kawaida 200. Akiwa anatumia valproeti, ngazi hizo hupunguzwa nusu. Ukiharakisha unaongeza hatari ya upele mbaya unaobabua ngozi na utando wa mdomo na macho. Upele wowote katika wiki 8 za mwanzo, dawa isimame na daktari auone siku hiyo. Vidonge vya uzazi vyenye estrojeni hushusha kiwango cha lamotrijini, kwa hiyo daktari ajue vikianzwa au kuachwa.

Zamu ya Usiku

Kwa anayekabiliana na mtu aliyekwisha kupanda, msibishane naye. Akisema yeye ni nabii, usimwambie si nabii, na usikubali pia. Ongea na kile mnachokiona wote: "Naona hujalala siku tatu, nina wasiwasi na mwili wako. Twende tukapate kitu cha kukulaza." Kukosa usingizi mara nyingi ni jambo ambalo hata yeye atalikubali. Sentensi fupi, sauti ya chini, mtu mmoja aongee, wengine watoke, redio na televisheni zizimwe. Mpe maji na chakula cha kushika mkononi, kwa sababu hatakaa mezani. Simama karibu na mlango, usimzibie njia.

Mpango wa fedha hupangwa akiwa mzima, wakati wa kuumwa umechelewa. Akubali mwenyewe kwa maandishi: nani atashika kadi ya benki usingizi ukishuka, kikomo cha kutoa kwa siku ni kiasi gani, funguo za gari zinakaa kwa nani, daktari gani apigiwe, dawa gani ilimsaidia mara ya mwisho na ipi ilimdhuru. Aweke na jambo analolikataa kabisa. Mkilitimiza hilo, mara ya pili atawaamini.

Mshauri Mchanga

La mwisho, naomba. Mtu amesahau dozi. Ameze mbili?

Dozi na Kipimo

Lithiamu hairudufiwi kamwe. Iliyosahaulika imepita, ameze inayofuata kwa saa yake na aandike kwenye daftari, maana dozi iliyorukwa itaonekana kwenye kipimo. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, asirudie. Kutapika au kuhara kukiendelea, ampigie daktari kabla ya kumeza nyingine.

Lamotrijini ina sharti la peke yake. Siku moja au mbili zikirukwa, aendelee na dozi yake. Zikizidi siku 5, asirudi kwenye 200 aliyokuwa nayo. Amwone daktari aanze tena kwenye 25, hata kama ameitumia miaka mitano bila tatizo, kwa sababu hatari ya upele huanza upya.

Na kama ameacha kwa makusudi, usianze na lawama. Muulize ni dhara gani lililomchosha: uzito, mtetemo, usingizi wa mchana, kutojisikia mwenyewe. Mengi kati ya hayo hurekebishika kwa kuhamisha dozi kwenda usiku, kuipunguza kidogo au kubadili dawa. Kama ni kuacha lithiamu kabisa, iwe kwa kupunguza polepole, angalau wiki 4 na ikiwezekana miezi 3, daktari akifuatilia. Ikikatwa ghafla, mania huweza kurudi ndani ya wiki chache.